Mwalimu wa Saizi Nane

Mwalimu alikuwa na miguu ya saizi kumi na viatu vya saizi nane. Tofauti ya hizo namba mbili aliimaliza nyumbani kwake, kwa mahindi, viazi, magazeti ya zamani na ukaidi, na yeyote aliyethubutu kumwambia kwamba kuna njia rahisi zaidi alifukuzwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Mimi sikuthubutu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuzia hivyo viatu.

Nauza mitumba hapa Eldoret, viatu vya ngozi vya wanaume, vile vya ofisini na kanisani. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wake. Nilikaa dawati la mwisho karibu na dirisha, akanifundisha hesabu miaka mitatu bila kuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Dirisha. Alipostaafu na kuanza kuja kwenye kibanda changu, mimi nikiwa mama wa watoto watatu na mvi zimeshaanza kuchungulia, aliniita Dirisha vilevile mbele ya wateja, nami nikaitika. Watu wa soko wakalidaka. Mpaka leo mimi ni Mama Dirisha na sijapata pa kukata rufaa.

Akija kununua hakupima. Kupima, alisema, ni kwa watu wasiojijua. Alisimama mbele ya meza mikono ikiwa mgongoni, akavikagua viatu kama alivyokuwa akikagua kucha zetu Jumatatu asubuhi, kisha akaonyesha kwa kidevu na kuuliza kama ile ya kahawia ni eight. Nikisema ndiyo, alilipa, akaitia kwenye mfuko na kuondoka zake. Wakati huo miguuni alikuwa na nane nyingine, na nyama ya mguu imefura pande zote mbili juu ya soli kama mandazi yaliyozidi hamira. Alitembea polepole, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kama mtu aliyebeba beseni la maji asitake limwagike. Wageni walidhani ni heshima ya umri. Sisi tuliomjua tulijua ni vidole.

Kabla yangu alikuwa mteja wa Msomali mmoja mwenye duka la viatu vipya ng'ambo ya barabara, mtu mpole, na mwenye sheria moja tu. Mteja avae vyote viwili, atembee mpaka mlangoni, arudi, na yeye atamtazama usoni, si miguuni. Mwalimu alifika mlangoni salama. Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Yule bwana akamwambia, Mzee, hiyo sikuuzii, chukua ten nikupunguzie bei. Mwalimu alitoka pale akitangaza kwamba ametukanwa mbele ya watu, na hakuingia tena duka lile.

Sikuelewa tusi lilikuwa wapi mpaka aliponieleza mwenyewe, kwa ule uvumilivu wake wa kufundisha sehemu rahisi. Mguu mkubwa, alisema, ni cheti cha kukua bila viatu. Mguu uliokua peku hutawanyika, hutafuta nafasi kila upande. Mguu wa msomi hukaa pale ulipowekwa. Kwa hiyo kumi ni ya mtu wa jembe, tisa ni ya karani, nane ni ya mwalimu. Saba hakuitaja kwa sauti ya kawaida. Saba ilikuwa ya wakaguzi wa shule, na labda askofu.

Haya aliyasema katika mji ambao vijana wake hukimbia dunia nzima wakiwa na viatu vyenye nafasi ya dole gumba mbele, wakirudi na medali shingoni. Nilimkumbusha siku moja. Alinijibu kwamba kukimbia ni jambo jingine, mtu anayekimbia hana muda wa kuheshimika.

Sasa njia zake. Kuu ilikuwa mahindi. Kwenye kona ya chumba chake cha kulala palikuwa na gunia kutoka Moi's Bridge, kwa shemeji yake, mahindi makavu yenye punje kubwa, na gunia hilo halikuliwa. Lilikuwa la viatu. Alijaza kiatu punje mpaka kwenye matundu ya kamba, akamimina maji, akafunga kamba kwa nguvu na kukisukuma chini ya kitanda. Punje zilikunywa maji, zikavimba, zikasukuma ngozi kila upande. Kukicha alizimwaga kwa kuku, akakausha kiatu kwa magazeti, akapaka polishi, akavaa. Na haki ya Mungu, njia hiyo inafanya kazi. Nimeijaribu mwenyewe. Inakupa nusu saizi. Mwalimu alihitaji mbili.

"Kiatu ni kama mtoto wa standard one," alikuwa akisema. "Ukianza kumsikiliza, amekushinda."

Kuna mara moja alimimina maji kwenye viatu vyake vya Jumapili, halafu akaitwa Moi's Bridge kwenye mazungumzo ya mahari ya mpwa wake. Ilikuwa safari ya siku moja. Wazee wa upande wa pili wakaongeza ng'ombe, wa upande huu wakakasirika, na Mwalimu akakaa siku tano. Aliporudi, mahindi yalikuwa yamechipua, vijani vimechungulia kwenye matundu ya kamba. Jumapili ilikuwa imefika na ibada haingoji. Akayamwaga, akasugua ndani kwa kitambaa, akavaa, akaenda kanisani akanuka kimea kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka. Hapa kwetu hakuna asiyeijua harufu ya kimea. Ni ya busaa hiyo, pombe yetu ya nafaka.

Siku mbili baadaye mchungaji alimtembelea nyumbani na wazee wawili. Walizungumza naye kwa upole juu ya pombe. Mwalimu, ambaye hajawahi kuonja hata tone kwa bahati mbaya, angeweza kusema neno moja tu, viatu, na mambo yakaisha. Hakulisema. Aliinamisha kichwa, akakubali kushauriwa, akaahidi kuacha. Miezi mitatu baadaye alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda wa jinsi alivyoishinda chupa. Watu walilia. Mke wake, ambaye sisi sote tunamwita Mama, alikuwa ameketi mstari wa pili akitazama sakafu, na aliniambia baadaye kwamba siku hiyo ndiyo alielewa ameolewa na nini.

Njia ya pili ilikuwa viazi, kutoka Ainabkoi, ambako mwanafunzi wake mwingine ni mkulima na humletea mfuko kila msimu. Alimenya kiazi kikubwa, akakichonga kwa kisu kikafuata umbo la vidole vyake, akakisukuma ndani ya kiatu mpaka mbele na kukiacha mpaka kesho yake. Shida ni kwamba Mwalimu hakuamini katika kutupa chakula. Mama alivipiga marufuku viazi hivyo jikoni kwake, kwa hiyo Mwalimu alivichemsha mwenyewe, akavila na chumvi. Siku moja Mama akiwa kwenye mkutano wa chama chake cha akina mama, walifika wageni wa kamati ya shule, nami nikiwa miongoni mwao kwa sababu mtoto wangu wa mwisho anasoma pale. Mwalimu aliingia jikoni akatuandalia. Nilikula viwili. Nilisifu, hata. Nilipoona Mama ameingia, akatazama sahani, akamtazama mumewe, na uso wake ukabadilika, nilijua jambo fulani kuhusu chakula kile ambalo sikutaka kulijua. Tangu siku hiyo, kwa Mwalimu mimi ni mtu wa chai.

Na hata baada ya mahindi na viazi, viatu havikuingia kwa hiari. Kwa hilo alikuwa na kijiko, kijiko kikubwa cha supu, kilichokaa mfuko wa ndani wa koti mahali ambapo watu wengine huweka kalamu. Alikisukuma nyuma ya kisigino, akashika pumzi, akasukuma mguu, na kiatu kikakubali kwa sauti. Mpishi mmoja wa harusi aliwahi kumsimamisha getini mbele ya bwana harusi na kumwomba arudishe kijiko. Mwalimu alikitoa, ingawa kilikuwa chake na kesho yake ilibidi Mama aende kukidai, akaketi kwenye gari kupumzisha miguu, na jioni akashuka amekanyaga visigino vya viatu vyake kama mtoto mtoro. Yeye, aliyekuwa akitutandika sisi kwa kukanyaga visigino.

Lazima niseme kwamba macho yake yalikuwa mazima kwa miguu ya wengine. Mtaa mzima ulimpelekea viatu. Bibi harusi mwenye viatu vilivyoletwa na shangazi kutoka Nairobi, kijana wa mahojiano ya kazi aliyeazima vya kaka yake, wote walifika mlangoni kwake na mfuko, na Mwalimu aliwapanulia kwa ustadi, hapa spiriti kidogo, pale soksi nene na mvuke wa sufuria, akiwakaripia muda wote. Mbona ulinunua ndogo? Mguu ni wa kuonewa? Mimi aliniagiza kwamba watoto wangu niwanunulie viatu vya namba mbili juu, mguu unataka kupumua. Aliyasema hayo akiwa amesimama kwa miguu iliyofungwa kama mzigo wa sukuma wiki.

Ndivyo alivyofundisha pia. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Mwalimu hakuona kwa nini, na kwa miaka mitatu aliufunga mkono ule kwenye dawati kwa tai yake ya zamani mpaka wa kulia ukajifunza. Ulijifunza, ndiyo. Mwandiko wangu wa kulia unafanana na kuku aliyekanyaga wino. Leo hii kwenye kibanda naandika kwa kushoto, na nilipokuwa nikimwona anakuja kwa mwendo wake wa beseni, nilihamisha kalamu. Mwanamke mzima. Nilijichukia kila mara na kila mara niliihamisha.

Lakini jambo lililoniuma zaidi ni la mlangoni. Udongo wetu ni mwekundu na mvua haina adabu, kwa hiyo mtu akiingia nyumbani mwa mwenzake anavua viatu mlangoni. Kila mtu anajua hivyo. Kwake mwenyewe Mwalimu alilisimamia kama sheria ya serikali, na wageni wakishaketi alikuwa akipita mlangoni kusoma namba za viatu vyao na kuwahukumu. Lakini kwa watu yeye hakuingia. Akivua, miguu ilifura papo hapo na hakuna kijiko duniani kingeirudisha. Kwa hiyo alibaki nje. Alisema anapenda hewa. Alisema ana mafua na ukuta unamzidishia. Aliipenda hewa mwezi wa Julai, baridi ya Eldoret ikikata masikio.

Mume wangu alipofariki, Mwalimu alikuja nyumbani kwangu Langas kunipa pole. Nyumba ilikuwa imejaa, mlangoni pamejaa viatu mpaka barabarani. Nilimsikia sauti nikafurahi, kwa sababu pamoja na yote ni mtu aliyenijua nikiwa mdogo, na siku ile nilitaka mtu kama huyo karibu yangu. Hakuingia. Aliketi nje kwenye kiti cha plastiki chini ya manyunyu, mwavuli mkononi, akanipa pole na kuniombea kupitia dirishani. Sala ndefu, nzuri. Nilisimama ndani nimeshika nondo za dirisha nikimsikiliza mtu mzima anayemwomba Mungu anifunike, wakati yeye mwenyewe ananyeshewa kwa sababu ya namba. Nilikasirika sana. Kisha baada ya mazishi alirudi kibandani, akaonyesha kwa kidevu, na mimi nikamuuzia nane nyingine.

Halafu sukari ikamshika. Kliniki walimwambia mambo mawili. La kwanza ni chai bila sukari, nalo alilifuata kwa ukali wa kijeshi. La pili ni viatu vipana, kwa sababu miguu ya mtu wa sukari hupoteza hisia, na malengelenge madogo tu, asiyoyasikia, yanaweza kuoza na kumla mguu. Hilo alilisikiliza nusu. Nusu aliyoisikia ilikuwa ile ya kupoteza hisia. Alikuja kibandani amechangamka, akaniambia viatu hatimaye vimenyooka, amevaa kutwa nzima na hasikii kitu. Niliitikia. Nilisema, afadhali. Ndivyo nilivyosema, na sijasahau.

Miezi michache baadaye walimkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Nilienda wodini na maziwa ya mala. Alinikaribisha, akanyoosha mguu uliofungwa bendeji ili niuone vizuri.

"Dirisha," akasema, "sasa itaingia poa."

Nilicheka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Mama, aliyekuwa amekaa miguuni pake na flaski mkononi, hakucheka, na wiki ile ile alikuja kibandani peke yake. Hakukaribia meza. Alisimama mbali kidogo kama mtu anayepita tu.

"Daktari amesema hii ingine ikioza hawatakata kidole," akasema. "Watakata mguu. Na wewe unamuuzia."

Nikajitetea. Nikasema nisipomuuzia mimi atamuuzia mwingine, soko ni kubwa, na tena Mwalimu haambiwi. Mama akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Basi mdanganye," akasema. "Si wewe ni mtu wa biashara?"

Kazi ile tuliifanya vizuri, lazima nijisifu. Nilitafuta kwenye beli mbili za mitumba mpaka nikapata jozi nyeusi ya saizi kumi, pana, ngozi laini kama shavu la mtoto. Nikampelekea fundi wa viatu anayekaa nyuma ya kibanda changu. Akakwangua namba kwenye soli zote mbili na chini ya ulimi kwa msasa, akachoma nane mpya kwa msumari wa moto, akapaka vumbi na rangi mpaka hata mimi nikaanza kuamini. Nikaziweka mbele kabisa mezani na kuficha nane zote za kweli chini ya turubai. Mwalimu alipotoka hospitalini na kupata nguvu, alikuja, akakagua, akazionyesha kwa kidevu. Akageuza moja, akasoma namba, akalipa.

Mama alinipigia simu. Siku ya kwanza Mwalimu alizijaza mahindi kama kawaida, akashangaa kwamba zimekula punje nyingi kuliko zilizotangulia. Kesho yake akavaa, akasimama, akatembea mpaka getini na kurudi. Kijiko kilibaki mfukoni. Mama alisema alikaa mezani muda mrefu akizitazama, kama mwalimu aliyempa mtoto mjinga mtihani na mtoto akapata zote. Tulicheka kwenye simu mpaka machozi. Mguu ulikuwa unapona.

Wiki tatu zikapita, nikamwona anakuja. Hakuwa na beseni. Alikuja anatembea wima, mikono inapunga, mzee wa watu, na furaha usoni mwake ilikuwa ya kweli kiasi kwamba nilianza kuogopa kabla hajafika. Aliniambia mguu umesikia. Miaka yote hii watu walimcheka, na sasa umekubali, umejikusanya, umepungua. Nane inampwaya. Kisha akaonyesha kwa kidevu jozi ya kahawia pembeni mwa meza, nyembamba, yenye ncha kama mdomo wa kunguru.

"Hiyo ni seven?" akauliza. "Funga."

Ilikuwa saba ya kweli. Kwa dakika nzima nilifikiria kumwambia arudi kesho, ili fundi achome saba kwenye kumi nyingine, na baadaye sita, mpaka Mwalimu azikwe na viatu vya namba ya mtoto mchanga huku akimshukuru Mungu. Lakini alikuwa ameshakishika kile cha saba mkononi. Niliiona ile ncha yake nyembamba, nikakumbuka bendeji.

"Mwalimu," nikasema, "hizo umevaa si eight. Ni ten."

Alivua cha kushoto, akakigeuza, akaniwekea kidole kwenye namba. Akaniambia nisome. Nikamweleza yote, msasa, msumari, vumbi, turubai. Sikumtaja Mama. Wateja wawili waliokuwa wakichagua waliacha kuchagua. Mwalimu alibaki amesimama kwa soksi moja kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza niliuona mguu ule bila kiatu wala bendeji, vidole vinne vimepandana ndani ya soksi kama watoto kwenye dawati la watu wawili. Nilingoja aniite mwongo.

"Umejua mguu wangu ni ten tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniuzia eight."

"Ni wewe ulikuwa unataka eight, Mwalimu."

"Mimi nilikuwa nataka eight," akakubali. "Na wewe ulikuwa unataka nini?"

Jibu lilikuwa fupi sana, nikaona aibu kulitamka. Nilikuwa nataka mteja asiende ng'ambo ya barabara. Aliinama akavaa kiatu, kikaingia bila kelele, akarudisha cha saba mezani mahali pake hasa na kuondoka. Zile za kumi aliondoka nazo miguuni. Nilijiambia hilo ni jambo jema, lakini kutwa nzima sikuuza vizuri.

Hakuja tena. Miezi miwili, mitatu. Nilimtania kwa wenzangu nikisema amehamia kwa wakaguzi, nao walicheka, lakini kila nilipoona mzee wa koti anatembea polepole niliacha kazi nikamtazama. Niliogopa kwamba amepata saba mahali pengine. Mama hakupiga simu, na mimi niliogopa kumpigia.

Jumapili moja alasiri nilikuwa nyumbani Langas, napanga viatu vya wiki, nikasikia hodi. Nikajua sauti. Nikachukua kile kiti cha plastiki nikielekea nacho nje, kama tulivyozoea. Nilipofungua mlango nilimkuta Mwalimu ameinama. Alikuwa anafungua kamba. Alivua cha kulia, akavua cha kushoto, akaviweka ukutani karibu na kandambili zangu, akanyooka, akanipita mimi na kiti changu mikononi, akaingia. Aliketi kwenye kochi la marehemu. Nilisimama mlangoni nikivitazama vile viatu. Zilikuwa ni zile nyeusi. Nane ya fundi ilikuwa imeanza kufutika.

Aliangalia picha ya mume wangu ukutani, akasema alikuwa hajaiona. Nikamjibu kwamba haionekani ukiwa nje. Alilimeza hilo. Kisha bila kuulizwa akanieleza kwamba alipopata barua ya kazi, mama yake alipima mguu wake kwa kijiti na kuja nacho mjini kununua viatu vyake vya kwanza, na kijiti kikavunjika ncha njiani bila yeye kujua. Alimletea nane. Yeye akamwambia mama yake zinamtosha. Baada ya hapo, alisema, akawa mtu wa nane.

Nilimwambia ni hadithi nzuri lakini haielezi viazi.

Alitoa kasauti puani ambako kwa mtu mwingine ningekaita kicheko. Nikampelekea chai, ya rangi, bila sukari, na karatasi niliyokuwa naandikia ikabaki mezani na kalamu juu yake, upande wa kushoto. Aliiona. Aliitazama, akanitazama, nami safari hii sikuihamisha. Aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kile kijiko cha supu, akakifuta kwa leso, akakitumbukiza kwenye kikombe na kukoroga polepole chai ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa. Kilikuwa kijiko ambacho miaka yote nilikiona nyuma ya kisigino. Alikunywa mpaka mwisho, akauliza kama kuna ingine, na nikaenda jikoni kuweka maji.